Fundi wa Piano Mbele ya Chombo cha Bei Ndogo

Maneno yaliyosemwa mbele ya korali zote na washauri wa parokia, katika majuma ya Yubile



Halmashauri ya Yubile ilituomba tuseme juu ya vyombo vya muziki vya kanisa letu. Tungeweza kuhesabu ngoma na kayamba, tukawashukuru waliozitoa, na saa ingeisha kwa amani. Lakini kila mtu hapa anajua kwamba liko neno moja linalotugawanya tangu Pasaka. Ni ile piano iliyotoka Asia kwa meli, tuliyoinunua kwa michango ya jumuiya zetu, na ambayo fundi wa kwanza aliyeitwa kutoka mjini aliitazama akiwa bado amesimama mlangoni, akasema yeye hagusi vitu vya namna ile. Tangu siku hiyo wengine wanasema fundi amesema kweli, tumetupa fedha. Wengine wanasema fundi ana kiburi. Sisi tuliona vema kutafuta kwanza yale ambayo mafundi wa piano wenyewe wanafikiri juu ya piano za bei ndogo zinazotoka nchi za kigeni, maana ugomvi huu haukuzaliwa hapa kwetu.

Mbele ya kuingia ndani, tuondoe wasiwasi mmoja. Wazee wengine wameuliza kama piano ina ruhusa ya kuwa kanisani. Ni kweli kwamba Papa Pio wa Kumi, katika barua yake juu ya muziki mtakatifu ya tarehe 22 Novemba 1903, aliikataza piano kanisani. Lakini katika fungu hilohilo alikataza ngoma pia. Basi piano na ngoma zilikaa nje ya mlango pamoja miaka mingi, kama wapangaji wawili waliofukuzwa na mwenye nyumba mmoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulikiachia kinanda kikubwa cha mabomba heshima yake, ukaruhusu na vyombo vingine, mradi wenye mamlaka wakubali na vyombo vyenyewe vifae mahali patakatifu. Hata mbele ya Mtaguso watu wa Kamina walikuwa wamekwisha kuimba Missa Luba, mwaka 1958, kwa ngoma zao. Kwa hiyo asiyeitaka piano atafute sababu nyingine.

Sasa tufungue kifuniko. Piano ina vitufe 88, na ndani yake nyuzi za chuma zipatazo 230. Nguvu ya nyuzi zote pamoja zikisha kukazwa inafika karibu tani 18 hadi 20. Mzigo huo unabebwa na kiunzi kizito cha chuma. Lakini kila uzi umezungushwa kwenye kigingi chake, na kigingi hicho kinashikwa tu na ubao mgumu kilimopigiliwa, ubao wa tabaka nyingi zilizogandishwa. Ubao ukilegea, kigingi kinarudi nyuma. Fundi atakaza sauti asubuhi, na jioni itakuwa imekwisha kushuka. Nyuma ya nyuzi kuna ubao mwingine, mpana na mwembamba, ndio unaotoa sauti. Huo unavimba hewa ikiwa na unyevu, unajikaza hewa ikikauka. Tena kuna nyundo ndogo zilizovikwa sufi iliyoshindiliwa, na kila nyundo inasukumwa na vijiti, ngozi, chemchemi na skurubu nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Watu wengi wanafikiri piano ya bei ndogo imepunguziwa chuma. Mara nyingi chuma kipo. Kilichopungua ni saa za kazi. Mbao zimekaushwa kwa haraka. Nyundo hazikupimwa moja moja ili zisimame kwa umbali uleule mbele ya nyuzi. Vitufe havikusawazishwa ili vishuke kwa kina kimoja. Sufi haikuchomwachomwa kwa sindano ili sauti ilainike. Katika viwanda vya piano za bei kubwa kazi hiyo inafanywa, inaachwa, inarudiwa tena. Kwa piano ya bei ndogo kiwanda kinamwachia mwenye duka, mwenye duka anamwachia mnunuzi, na mnunuzi hajui kwamba ameachiwa kitu. Kazi hiyo basi haikufutwa. Imesogezwa tu kutoka mkono mpaka mkono, hata ikamwangukia fundi wa mwisho, yule anayeitwa nyumbani au kanisani. Ndiyo maana tunasema kwamba kwa piano ya namna hii moyo wa fundi una uzito kuliko kwa piano nyingine yoyote. Yeye ndiye anayemaliza kuitengeneza, au anayeiacha bila kumalizika.

Twende Marekani, kwa kuwa huko ugomvi huu umesemwa kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu. Mwaka 1909 viwanda vya nchi ile vilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Mafundi wa miji waliishi kwa kazi ya viwanda hivyo, wakazijua piano kwa majina, kama mtu anavyojua watoto wa ukoo wake. Kuanzia miaka ya 1960 zikaanza kuingia piano za Japani kwa wingi. Nyuma yake, katika miaka ya 1980, za Korea ya Kusini. Na kuanzia miaka ya 1990 za China na Indonesia. Viwanda vya zamani vikafungwa kimoja kimoja. Kimball iliacha kutengeneza piano mwaka 1996. Baldwin ilifilisika mwaka 2001. Kwa hiyo fundi wa huko akifungua piano ya kigeni, pamoja na mbao na nyuzi anaona pia kiwanda cha mji wake kilichokufa. Tusimcheke. Sisi watu wa Katanga tuliwaona wafanyakazi wa migodi wakirudishwa nyumbani kwa maelfu mwaka 2003, na tunajua uchungu wa namna hiyo unavyosema kwa mdomo wa mtu hata pale ambapo yeye anafikiri anasema juu ya skurubu.

Mafundi wa Marekani wana chama chao, kilichoundwa mwaka 1957. Anayetaka cheo kamili humo anapita mitihani mitatu: mmoja wa maandiko, mmoja wa kutengeneza vyombo vya ndani, mmoja wa kulinganisha nyuzi. Si watu wa kubahatisha. Na kati ya watu hao waliosoma kuna jina la dharau walilolizoea kwa piano za bei ya chini kabisa: wanaziita kitu chenye umbo la piano. Jina limetungwa vizuri, hatukatai. Lakini limewasaidia wengi kuhukumu mbele ya kufungua kifuniko. Natanaeli naye alimhukumu mtu kwa mji alikotoka, akaambiwa aje kwanza aone.

Hata hivyo sababu za wanaokataa zina uzito, na ni haki kuzisema zote. Ya kwanza ni saa. Piano iliyotunzwa vizuri fundi anailinganisha kwa saa moja na nusu. Lakini piano mpya ya bei ndogo, iliyovuka bahari na kukaa bandarini, mara nyingi imeshuka mbali chini ya kipimo, na piano iliyoshuka mbali haiwezi kulinganishwa kwa mara moja. Fundi akikaza nyuzi za mwisho, ubao wa sauti unasukumwa kwa nguvu mpya, na zile alizozikaza kwanza zinashuka tena nyuma ya mgongo wake. Sherti apite mara ya kwanza upesi, akizidisha kidogo juu ya kipimo, kiisha apite mara ya pili kwa makini. Anayelipwa bei moja kwa piano zote anakula hasara siku hiyo. Sababu ya pili ni jina lake. Nyuzi mpya zinanyoka bado. Watengenezaji wenyewe wanashauri kulinganisha hata mara nne katika mwaka wa kwanza. Mwenye piano hajui hayo. Majuma matatu yakipita na sauti ikashuka, hatasema piano ni changa, atasema fundi ni mbaya. Na katika kazi hii fundi hana mali nyingine ila jina.

Wako na mafundi wengine, na hao wanazungumza kwa sauti ndogo. Wanasema kwamba siku moja nzima ya kazi katika piano ya bei ndogo inaigeuza kuliko siku moja katika piano ya bei kubwa. Fundi wa piano ya konseri anasogeza kitu kwa unene wa unywele, na watu watatu tu ukumbini wanasikia. Fundi wa piano ya bei ndogo akisawazisha vitufe na kulainisha nyundo, mtoto wa miaka saba anasikia, na anaacha kuichukia. Tena wanasema kwamba watoto wengi wanaanzia kwenye chombo cha bei ndogo, maana wazazi wao hawana kingine. Mtoto akikosa chombo kinachoitika vidole vyake, anaacha, na mji unapungukiwa mpigaji mmoja, na fundi mwenyewe anapungukiwa mteja wa kesho.

Kwa maoni yetu fundi anayekataa ana haki kama amefungua. Uko ubao wa vigingi uliopasuka ambao hakuna mkono utakaouponya kwa bei ya haki, na kumwambia mwenye piano asitupe fedha ni upendo. Anayekataa bila kufungua hana haki hiyo, hata akiwa na mitihani mitatu. Lakini tunayemwogopa kuliko hao wawili ni yule anayekubali na kunyamaza. Anaona vigingi havishiki, analinganisha juujuu, anapokea fedha, anaaga kwa adabu, na mwaka ujao anarudi kufanya vilevile. Huyo hasemwi vibaya na mtu, kwa sababu hakuna aliyejua. Parokia maskini zinaumizwa naye zaidi kuliko na wenye kiburi.

Hapo tunapenda kusimulia habari moja iliyo ya kweli, maana inamhusu fundi mtengenezaji na chombo cha kigeni. Mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu huko Japani, shule ya msingi ilikuwa na kinanda cha kukanyaga kilichotoka Marekani. Kikaharibika. Hapakuwa na fundi wa vinanda, wakamwita mtu aliyekuwa anatengeneza vyombo vya hospitali, jina lake Torakusu Yamaha. Akakifungua, akakitengeneza, akachora kila kipande kwenye karatasi, akasema hiki naweza kukiunda mimi. Akaunda cha kwanza pamoja na mwenzake. Wakakitundika kwenye mti, wakakibeba mabegani kupita milima ya Hakone mpaka Tokyo, safari ya kilometa karibu 250, ili walimu wa chuo cha muziki wakipime. Walimu wakasema: umbo ni zuri, sauti hazilingani. Hakurudi na hasira. Alibaki Tokyo akajifunza elimu ya muziki na kulinganisha sauti, akarudi kuunda cha pili, nacho kikakubaliwa. Mwaka 1900 akaunda piano yake ya kwanza ya kusimama. Hata leo alama ya kiwanda chake ni koleo tatu za kupimia sauti zilizopishana.

Mtazame walimu wale wa Tokyo. Walikuwa na chombo dhaifu mbele yao, kilichoundwa na mtu asiyejua muziki, na wangeweza kumcheka. Walikipima, wakamwambia kasoro yake kwa jina, wakamfundisha. Miaka sitini na zaidi ikapita, na piano zenye jina lake zikafika Marekani, zikapokewa na mafundi wengi kwa mashaka yaleyale yanayozungukia leo piano za China. Leo fundi akiisikia sifa ya Yamaha hashangai tena. Wengi wanaziweka kuwa mfano wa kazi sawasawa. Za Korea zikapita njia hiyo baadaye, nyingine zikifika, nyingine hapana. Na huko Guangzhou, China, kiwanda cha Pearl River kilichofunguliwa mwaka 1956 kimekuwa kati ya vikubwa vya dunia kwa wingi wa piano. Katika miaka ya 2000 Steinway yenyewe ilianza kuundiwa huko piano zake za bei ya chini zenye jina la Essex. Hatusemi kila piano ya China ni njema. Tunasema jina la nchi halimtoshi fundi kuwa kipimo.

Liko jambo lingine la mafundi wa Marekani linalotugusa sisi zaidi. Piano nyingi zilizokwisha kutumika Japani ziliuzwa Marekani kwa bei nafuu. Kiwanda chenyewe kikaonya kwamba mbao za piano hizo zilikaushwa kwa ajili ya hewa ya Japani yenye unyevu, na kwamba katika nyumba kavu za Marekani zingeweza kupasuka au kulegea. Mafundi wakagawanyika. Wengine waliona vigingi vilivyolegea, wengine wakasema wamezitunza nyingi miaka mingi bila shida. Waliojibu kwa busara walisema: kila piano ipimwe peke yake, na nyumba itakamokaa ipimwe pia.

Nyumba yetu tunaijua. Uwanda huu wa Haut-Katanga uko juu, zaidi ya mita 1,200. Kuanzia Novemba mpaka Machi mvua inanyesha hata mavazi ya Misa yananuka ukungu. Kuanzia Mei mpaka Septemba haidondoki hata tone, midomo inapasuka, na milango ya sakristia iliyokuwa inakwama inafunguka yenyewe. Ubao wa piano unafanya vile mlango ule unavyofanya. Mvua zikija unavimba na sauti inapanda; kiangazi kikija unajikaza na sauti inashuka. Mwenye kulinganisha piano hapa katikati ya Januari asishangae mwezi wa Julai. Sherti isimame mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, mbali na dirisha la kaskazini ambalo watoto wanaliacha wazi, na kifuniko kifungwe, kwa sababu ya panya. Waliotunza vinanda vya kukanyaga vya wamisionari wanajua panya anavyopenda ngozi na sufi kuliko mkate.

Na tukisema juu ya vinanda hivyo, tuwakumbuke mafrera na maseremala wetu waliovitengeneza bila vipande vya kununua. Kiriba kilitobolewa, wakakiziba kwa ngozi ya mbuzi iliyopunguzwa unene kwa kipande cha chupa. Sisi tuliopita seminari ndogo tulijifunza solfeji kwenye kinanda chenye vitufe vitatu visivyosema; mwalimu aliviruka akiimba mwenyewe zile sauti zilizokosekana, na hatukujua kwamba hilo ni jambo la kuonea haya.

Ndugu wengine wameshauri tuuze piano hii tununue kinanda cha umeme. Shauri hilo si la kijinga; kinanda cha umeme hakihitaji kulinganishwa. Lakini mwulizeni mwimbaji yeyote delestaji ilianguka saa ngapi siku ya Krismasi. Tena kinanda cha umeme kikiungua ndani, fundi wa hapa hakifungui, anakutazama tu kwa huruma.

Basi twende kwa neno lenyewe. Fundi wa pili, aliyekuja mwezi uliopita, hakusema kitu kwa nusu siku. Alifungua mbele na chini, akajaribu vigingi kwa ufunguo wake, kimoja kimoja, akapiga ubao wa sauti kwa vidole akisikiliza. Kiisha akawaambia washauri wa parokia, kwa maneno ambayo kila mtu alielewa, kwamba ubao wa vigingi ni mzima. Kwamba sauti imeshuka karibu nusu ya hatua chini ya la ya 440. Kwamba nyundo ni ngumu mno. Kwamba vitufe kumi na kimoja vinakwama kwa unyevu. Akaongeza kwamba bei yake ni karibu theluthi ya ile tuliyoinunulia piano, na kwamba bila matengenezo hayo yeye hatakubali kulinganisha nyuzi tu, kwa kuwa tungekuwa tunamlipa bure. Wako waliokasirika kusikia theluthi. Sisi tuliposikia maneno hayo ya mwisho tuliona tumempata mtu.

Fedha hizo ndizo kazi ambayo kiwanda hakuifanya na duka halikuifanya. Tulizikwepa tuliponunua, sasa zimetufikia. Tunawaomba washauri wakubali kulipa nusu mbele ya Siku ya Yubile na nusu nyuma ya kulinganisha mara ya pili, mwezi wa Julai, hewa ikiwa imekauka kabisa. Katika mwaka wa kwanza fundi atakuja mara nne, miaka itakayofuata mara mbili. Kijana mmoja kutoka kila korali atakaa karibu naye akifanya kazi, ashike taa, aangalie, aandike katika daftari. Ufunguo wa kifuniko uko kwa mama kiongozi wa korali ya watoto. Wenye kutaka kujifunza wamwone Jumapili, nyuma ya Misa ya pili, wakiwa na mikono iliyonawiwa.